Zoezi Lilipangwa Kesho: Costa Concordia na Zoezi la Dharura la Kwenye Simu

Ijumaa ya tarehe 13 Januari 2012, saa 1:18 usiku, meli ya kitalii Costa Concordia iliondoka bandari ya Civitavecchia, Italia, kuelekea Savona. Ilikuwa na watu 4,229: abiria 3,206 na wafanyakazi 1,023. Karibu abiria 700 walikuwa wamepanda jioni ile ile, na zoezi lao la dharura lilikuwa limepangwa kesho yake. Saa 3:45, watu wakiwa mezani kwa chakula cha usiku, meli iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio. Watu 32 walikufa.

Ukisikia habari ya hao 700 unadhani kampuni ilivunja sheria. Haikuvunja. Mkataba wa SOLAS, unaosimamia usalama wa maisha baharini na ambao toleo lake la kwanza lilitiwa saini mwaka 1914 baada ya Titanic kuzama, ulitaka wakati huo abiria wapya wakusanywe ndani ya saa 24 tangu wapande, kama safari yao inazidi muda huo. Concordia ilikuwa ikizunguka Mediterania kama basi: kila bandari hushusha wengine na kupakia wengine, na kila kundi likawa na siku yake ya zoezi. Kwa upande wa ratiba ya zoezi, kimakaratasi hakukuwa na doa.

Maelezo nayo yalikuwepo. Mkataba huo huo unataka kila chumba cha abiria kiwe na maelekezo ya dharura: kituo chako cha kukusanyika ni kipi, ufanye nini ukisikia mlio, jaketi la kuokolea maisha huvaliwaje. Ni lile bango la nyuma ya mlango ambalo wasafiri hulitundikia taulo. Kwa hiyo tusiseme hao 700 walinyimwa habari. Kilichokosekana ni mtu wa kuwatoa vyumbani, kuwashusha ngazi na kuwasimamisha mahali pao akiwahesabu.

Nimekirudia kisa hiki kwa sababu leo, katika meli nyingi, zoezi la dharura limehamia kwenye simu. Abiria anatazama video akiwa ameketi kitandani, anabonyeza kwamba ameelewa, kisha anapita kituoni kwake kwa dakika moja kadi yake iskaniwe. Kuna wanaosema hiyo ni bora kuliko kusimamisha watu elfu tatu kwenye jua, na kuna wanaosema ni kuchezea roho za watu. Pande zote mbili hubishania kichwa cha abiria: ataelewa zaidi kwa njia ipi? Nadhani swali hilo ni dogo. Usiku wa Giglio unaonyesha zoezi hufanya kazi nyingine ambayo abiria haioni.

Turudi melini. Mwamba ulipasua ubavu wa kushoto, chini ya maji, ufa wa urefu wa takriban mita 53. Maji yakaingia katika vyumba vitano vya chini vilivyopakana, ilhali meli ilikuwa imeundwa kustahimili viwili. Umeme ukakatika. Jenereta ya dharura nayo haikutoa msaada wa maana, zikabaki taa za betri. Kwenye vipaza sauti abiria walitangaziwa kwamba kuna hitilafu ya umeme na kwamba mafundi wanaishughulikia.

Wengi hawakuamini. Sakafu ilikuwa imeanza kuinama, vyombo vilikuwa vimeshamwagika mezani, na mtu hahitaji cheti cha ubaharia kujua kwamba umeme ukikatika meli haiinami. Kuna video iliyopigwa usiku ule, ikaonyeshwa sana baadaye: abiria wamesimama wamevaa majaketi ya rangi ya chungwa, na mfanyakazi mmoja anawaambia kwa upole kwamba tatizo la umeme limekwisha tatuliwa, warudi vyumbani. Nimeitazama mara kadhaa. Yule mfanyakazi hana dalili ya kudanganya. Anarudia alichoambiwa, na anaongea nao kama vile mteja amelalamikia supu.

Muda mfupi baada ya saa 4, jamaa wa abiria mmoja aliyekuwa nchi kavu aliwapigia polisi wa mji wa Prato. Nao wakawaarifu walinzi wa pwani wa Livorno, ambao walipoita meli wakajibiwa kwamba umeme umekatika. Yaani habari ilitoka mkahawani, ikafika bara kwa simu ya mkononi, ikarudi baharini kwa redio, na chumba cha nahodha bado hakijapiga mlio wa dharura.

Mlio huo, honi saba fupi au zaidi zikifuatwa na moja ndefu, ulisikika saa 4:33. Ni dakika 48 baada ya kugonga. Amri ya kuiacha meli ikatoka kama saa 4:54. Kufikia hapo meli ilikuwa imesukumwa na upepo kurudi ufukweni na inalalia ubavu wa kulia. Boti za upande wa kushoto zikawa zinaburuta kwenye bodi ya meli badala ya kuning'inia, na korido zilizokuwa zimenyooka zikawa miteremko. Picha zilizopigwa na helikopta usiku ule zinaonyesha mstari wa watu, wadogo kama sisimizi, wakishuka kwa ngazi ya kamba kwenye ubavu wa meli iliyolala. Uokoaji ulienda hadi alfajiri.

Nahodha Francesco Schettino, aliyeondoka melini abiria wangali ndani, alihukumiwa kifungo cha miaka 16 mwaka 2015, na mahakama ya juu ikakithibitisha mwaka 2017. Lawama yake ni kubwa na imeshaandikwa vya kutosha. Mimi nataka tuangalie sitaha ya nne, zilipokuwa boti.

Huko kulikuwa na mchanganyiko. Wapo abiria waliopanda bandari za nyuma na kuhudhuria zoezi la ana kwa ana. Wapo wa Civitavecchia waliokuwa na bango la mlangoni tu. Wengi wa makundi yote mawili walifika kwenye boti kabla ya mlio, wakiongozwa na macho yao na umati. Kwa kipimo cha abiria peke yake, unaweza kusema zoezi halikuleta tofauti kubwa: mwenye zoezi na asiye nalo walisimama foleni moja, wakiwa na majaketi yale yale, wakisubiri amri ile ile iliyochelewa.

Tofauti ilikuwa upande wa pili, kwa wenye kofia na orodha. Uchunguzi wa Italia ulikuta dosari katika orodha ya majukumu ya dharura: waliopewa kazi bila kuwa na sifa zake, na wafanyakazi ambao hawakukielewa vizuri Kiitaliano, lugha ya kazi ya meli. Katika meli ya kitalii, wengi kati ya wale elfu moja si mabaharia kwa maana iliyozoeleka. Ni wapishi, wahudumu wa meza, watandika vitanda, wapiga muziki. Mlio ukilia, aliyekuwa akimimina divai anakuwa mlinzi wa ngazi, na aliyekuwa akikunja taulo anakuwa msimamizi wa kituo chenye watu zaidi ya mia. Anapaswa kuinua sauti, kumzuia baba anayetaka kurudi kumtafuta mtoto, kumsaidia mzee wa kiti cha magurudumu, na kuhesabu. Huyo ndiye anayehitaji zoezi kuliko mtu mwingine yeyote melini.

Hilo ndilo ninalolisema katika makala hii: zoezi la abiria ni zoezi la wafanyakazi, na abiria ndio vifaa vyake.

Sheria inawataka wafanyakazi wa meli za abiria wafanye mazoezi ya moto na ya kuiacha meli kila wiki. Mara nyingi hufanywa bandarini, abiria wakiwa wameshuka kutembea. Korido tupu, ngazi tupu, vituo vitupu. Mhudumu anasimama kwenye ngazi yake na kuielekeza hewa. Siku pekee anayouona umati halisi ukimjia, wenye maswali, wenye watoto, wenye kiburi, wenye glasi mkononi, ilikuwa siku ya kuondoka, wakati wa zoezi la pamoja. Ukiligawa zoezi hilo likawa watu wawili wawili wanaopita kuanzia mchana, kila mmoja kwa wakati wake, umati wa kwanza atakaouona mhudumu yule utakuwa wa ajali yenyewe.

Baada ya Giglio mambo yalienda haraka kuliko kawaida ya mambo ya bahari. Mwezi Februari 2012 kampuni za meli za kitalii, kupitia chama chao CLIA, zilitangaza kwamba abiria wote watakusanywa kabla ya meli kuondoka. IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya bahari, lilibadilisha SOLAS mwaka 2013, na tangu tarehe 1 Januari 2015 ni lazima abiria wapya wakusanywe kabla ya kuondoka au papo hapo meli inapoondoka. Zile saa 24 zikafa. Ninapenda mabadiliko haya kwa ufupi wake. Kwa sheria hiyo mpya, wale 700 wangekuwa wameshasimama vituoni mwao kabla ya saa 1:18, au papo hapo meli inapoondoka.

Sasa ije simu. Julai 2020, dunia ikiwa imefunga milango kwa sababu ya korona, Royal Caribbean ilitangaza utaratibu ilioupa jina Muster 2.0. Abiria anatazama maelezo ya usalama kwenye programu ya simu au runinga ya chumbani, anausikiliza mlio wa dharura, kisha lazima aende mwenyewe kituoni kwake, ambako mfanyakazi anahakiki kwamba amekamilisha na kujibu maswali yake. Yote hayo kabla ya meli kuondoka. Kampuni nyingine zikafuata kwa namna zao. Wakati ule kuwarundika watu elfu tatu bega kwa bega kusingewezekana, lakini hata corona ilipopungua wengi hawakutaka kurudi nyuma, na siwalaumu abiria. Zoezi la zamani lilikuwa adha: baa zimefungwa, jua kali, watoto wanalia, spika inakoroma kwa lugha nne, na nusu ya watu wanapiga picha machweo. Kampuni nyingi zilikuwa zimeshaacha hata kuwavalisha abiria majaketi, kwa kuwa kamba zilikuwa zinaburuta chini na watu wanajikwaa ngazini.

Video pia ina heri zake ambazo mtetezi wa zoezi la zamani hapendi kuzikiri. Unachagua lugha unayoielewa. Unarudia pale uliposinzia. Mwenye usikivu hafifu anasoma maandishi. Na rekodi iko wazi: ofisi ya meli inajua kwamba chumba fulani bado, inampigia simu mwenye chumba. Kwenye kundi la watu mia mbili mtu aliweza kuitikia jina la mwenzake aliyelala.

Basi tumchukue abiria wa kubuni aliyepanda Civitavecchia jioni ile, tumpe zoezi la simu. Saa 11 jioni anatazama video akisubiri mizigo. Saa 12 anashuka sitaha ya nne, anaonyesha kadi, inalia tiii, anaondoka. Saa 3:45 meza inatetemeka na taa zinazima. Anacho nini? Anajua kituo chake kilipo, kwa sababu miguu yake imeshafika pale. Hili si dogo. Amepata zaidi ya walichopata watu halisi wa Civitavecchia, na yeyote anayesema zoezi la simu ni sawa na kutokuwa na zoezi angemwangalia huyu kwanza.

Lakini alifika kituoni wakati gani, na kwa njia gani? Ikiwa alipitia pale akitoka kwenye bwawa, kwa lifti, basi njia anayoijua ni ya lifti kutoka bwawani. Usiku wa dharura lifti hazitumiki, naye yuko mkahawani, upande mwingine wa meli. Zoezi la pamoja nalo lina kasoro hiyo hiyo, maana watu hutoka popote walipo, ila walau walishuka kwa ngazi, kwa msongamano, wakaona ngazi inapojaa inakuwaje. Mtu aliyewahi kusimama kwenye ngazi iliyojaa, asiweze kupanda wala kushuka kwa dakika tatu, hashtuki sana ikitokea tena. Aliyeiona kwenye video ya katuni anashtuka.

Kisha yale matangazo. Anaambiwa ni umeme, arudi chumbani. Hapa video na zoezi la zamani vyote vinagonga ukuta mmoja: vyote vimemfundisha asubiri mlio na amtii mfanyakazi. Mlio hauji kwa dakika 48, na mfanyakazi anamwambia arudi. Kadiri alivyojifunza vizuri, ndivyo anavyokaa chumbani kwa utiifu. Sijaona mtu akilijibu hili sawasawa. Ni aibu ya kisa chenyewe kwamba waliopuuza tangazo wakaenda kwenye boti walifanya jambo la busara.

Tuendelee na kuhesabu. Baada ya ajali, idadi ya waliopotea ilibadilika-badilika kwa siku kadhaa, majina yakiongezwa na kufutwa. Watu walikuwa wameshuka kwa boti, kwa kamba, wengine kwa kuogelea, wakatawanyika kisiwani. Mfumo wa kuskani kadi ungesaidia hapo? Bandarini, umeme ukiwapo na mtandao ukifanya kazi, unahesabu haraka kuliko binadamu yeyote. Sasa uzime umeme, uinamishe meli, na uwape kadi watu ambao kadi zao zimebaki kwenye mfuko wa koti mkahawani. Mfanyakazi mwenye kishikwambi cha kuskania kadi anabaki na kioo kinachomwambia mtandao haupo. Atahitaji karatasi, kalamu, na sauti ya kuita majina gizani. Sauti hiyo haiji yenyewe. Inajengwa kwa kuita majina mara nyingi mbele ya watu wasiosikiliza, na hao ndio watu wa zoezi la zamani hasa: wasiosikiliza.

Nitatoka nje ya kisa mara moja. Tarehe 23 Machi 2019, meli Viking Sky ilipoteza injini zote katika dhoruba eneo la Hustadvika, Norwei, kwa sababu kiwango cha mafuta ya kulainisha kilikuwa chini. Ilikuwa na watu 1,373. Walikusanywa vituoni, na hapo wakakaa kwa saa nyingi wakiyumbishwa, huku helikopta zikiwainua mmoja mmoja hadi 479. Kituo kimoja kilikuwa mkahawa. Maji ya bahari yalivunja yakaingia, yakawasomba watu pamoja na viti. Hakuna video ya abiria inayoonyesha hilo, na sidhani kama ipo kampuni itakayoiweka. Wafanyakazi walilazimika kuhamisha watu walioloa, wengi wao wazee, kutoka kituo walichofundishwa kwamba ndicho salama. Hapo ndipo unapoona kazi ya msimamizi wa kituo: kubadilisha mpango mbele ya watu mia, bila mpango kuvunjika.

Kinyume chake ni Scandinavian Star, Aprili 1990, moto uliua watu 159. Meli iliingizwa kazini haraka, na wafanyakazi wengi hawakuwa wamefanya hata zoezi la moto pamoja. Huhitaji kuuliza abiria walitazama nini.

Nikirudi kwenye hoja, kama ningekabidhiwa ratiba ya siku ya kuondoka, video ningeiacha kwenye simu, pamoja na lugha zake zote na rekodi ya vyumba. Hilo lilipaswa kufanyika zamani. Lakini nusu saa kabla ya kuondoka ningepiga mlio halisi, honi saba na moja ndefu, na watu wote washuke kwa ngazi kwa wakati mmoja. Hotuba isiwepo, walishaitazama. Wafike, wahesabiwe kwa karatasi na mtu yule yule atakayewahesabu usiku wa shida, kishikwambi kikiwa kimezimwa, kisha waruhusiwe. Ikichukua dakika 20, ni 20. Ningebadilisha pia jambo moja kila safari, ngazi moja ifungwe bila taarifa, ili wahudumu walazimike kugeuza watu.

Kampuni zitalalamika kwamba abiria watanuna, na ni kweli watanuna. Wahudumu pia, maana ni kazi ya ziada siku ambayo tayari wamebeba mizigo elfu tatu. Lakini dakika 20 za kununa zinampa mlinzi wa ngazi umati wake wa kwanza akiwa bado bandarini.

Linabaki jambo ambalo ratiba yangu haigusi: zile dakika 48. Hakuna kadi inayoskaniwa kwenye chumba cha nahodha. Abiria hukaguliwa kama ametazama video hadi mwisho, mhudumu hukaguliwa kama amesimama ngazini pake, ila anayeshika kitufe cha mlio anaaminiwa tu. Pale Giglio, watu walishajaa sitaha ya nne, majaketi yakiwa yamefungwa, kabla yeye hajakibonyeza.